Kishale cha Zambarau Kando ya cha Mume Wangu

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Ruiru. Baridi.

Jua limekataa kutoka tangu asubuhi. Nimevaa jaketi la Karanja, lile la kijivu lenye harufu yake kwenye ukosi, na yeye mwenyewe yuko chumbani anapiga pasi shati la kesho. Kila Jumapili akipiga pasi hupiga na mluzi. Leo nasikia pasi tu.

Nimeolewa wiki kumi na moja sasa. Nyinyi mnaonisoma hapa mnajua, maana nimewachosha: picha za keki, picha za pete, picha ya vikombe viwili tulivyonunua tukiwa hatuna hata meza ya kuviweka. Mliandika pongezi nyingi sana. Leo msiandike pongezi. Leo nataka kusema ukweli, na ukweli wenyewe una neno moja.

Wivu.

Nianze na darasa, kwa sababu kila kitu kilianzia darasani. Karanja wangu anafundisha Gredi ya Tano katika shule moja hapa Ruiru. Mimi nauza vitambaa na leso za kujifunga katika duka moja kule Thika. Siku ya kwanza kumwona aliingia dukani akataka kitambaa cha buluu, mita kumi na mbili. Nikamuuliza kama ni mapazia ya kanisa. Akasema, "Hapana, ni mto. Wiki ijayo darasa langu liko ndani ya maji."

Ningefanyaje? Mwanamume anakuja kununua mto. Nilimpenda kabla sijakata kitambaa.

Baadaye nilijifunza kuwa ndivyo anavyofundisha. Shule yao ilikuwa na vishikwambi vilivyofungiwa kabatini mpaka vikashika vumbi, na projekta ambayo watu waliitumia siku ya sherehe tu. Karanja aliviomba vyote. Kila baada ya wiki mbili darasa lake linageuka kitu. Wiki ya Maji, watoto walikaa chini ya kile kitambaa changu, ukutani samaki wanaogelea, na wao wanapiga hesabu za lita kwenye vishikwambi. Wiki ya Soko, madawati yakawa vibanda na kila mtoto akarudisha chenji kwa hesabu ya kichwa. Akiuliza swali, watoto wanapiga kura kwa vishikwambi na majibu yanapanda ukutani kama nguzo za rangi, nao wanapiga kelele utadhani wako uwanjani.

Tena ana mtindo wake mmoja. Projekta ikiwaka, faili yake huwa wazi hivyo hivyo, na anaandika ndani yake watoto wakitazama. Chochote kinachoandikwa ukutani, watoto wanakisoma kwa sauti moja papo hapo. Amewazoesha hivyo ili hata yule anayeona haya kusoma peke yake asome ndani ya sauti za wenzake. Nilipenda sana hiyo habari aliponisimulia. Nililia kidogo, kusema kweli. Mimi nilisoma kwetu Gatuanyaga, ubao mweusi, vumbi la chaki na vumbi la nje, na mwalimu wa Sayansi aliyetuchorea moyo wa binadamu halafu akaufuta kabla sijamaliza kuunakili. Nilimaliza Form Four nikaishia hapo. Ningekuwa na mwalimu kama Karanja, labda nisingeishia hapo.

Mlishikilie hilo kidogo. Mimi mwenyewe sikulijua mpaka jana.

Sasa, Madam Shiru.

Madam Shiru anafundisha Gredi ya Tano ile nyingine, mlango wa pili. Wiki zenye mada wanaunganisha madarasa yao mawili, karibu watoto tisini, na wanafundisha pamoja. Alisomea chuo kikuu kule Juja. Alikuja kwenye harusi yetu na rinda la kijani, akacheza vizuri mpaka shangazi yangu akauliza ni binti wa nani. Ana meno mazuri. Anamwita mume wangu "Mwalimu K". Sijui kwa nini hiyo K inaniuma hivyo. Mimi mke wake namwita jina lake lote.

Wakitayarisha masomo wanatumia faili moja, kila mmoja akiwa kwake. Kama hujawahi kuona, ni hivi: ukifungua, kila aliye ndani ana kishale chake chenye rangi na jina. Cha Karanja ni cha buluu. Cha Madam Shiru ni cha zambarau.

Mara ya kwanza kukiona tulikuwa tumemaliza kula, nimeegemea bega lake, furaha tupu. Kishale cha zambarau kikaingia kwenye ukurasa bila kubisha hodi.

"Na huyu ni nani?" nikauliza.

"Ni Madam. Anaweka picha."

"Yuko wapi?"

"Kwake Kalimoni."

"Lakini yuko hapa."

"Yuko kwa faili, Nyambu," akasema, akacheka. Nikacheka pia. Moyoni sikuwa nikicheka.

Kuanzia siku hiyo sikukiacha kile kishale machoni. Karanja akienda juu ya ukurasa, kinamfuata juu. Akishuka, kinashuka. Siku moja kilisimama kando ya cha mume wangu dakika kumi nzima bila kuandika neno. Mtu anasimama kando ya mume wa mtu dakika kumi, kimya, anataka nini? Nilimuuliza Karanja. Akasema labda ameenda kugeuza chapati.

Ndiyo, najua. Nimeona wivu kwa kishale. Nimeliandika hilo na silifuti.

Wiki iliyopita mada ilikuwa Sherehe Zetu, na Ijumaa ndiyo ilikuwa siku kubwa, wazazi wamealikwa, na Mwalimu Mkuu mwenyewe angekuja kuona kama huu ufundishaji wa projekta na leso na vitambaa unafaa kuendelea. Karanja aliniomba leso sita dukani. Nilimchagulia kwa mkono wangu, bosi wangu akakubali kuziazima, nikazikunja kama zinakwenda kwa malkia. Zilikuwa za mchezo wa ruracio.

Wanaosoma kutoka mbali, ruracio ni siku ya mahari kwetu Wakikuyu. Kuna sehemu ambapo wanawake kadhaa wanafunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, bibi harusi akiwa mmoja wao, na bwana harusi anatakiwa kumtambua bila kugusa wala kufunua. Akikosea anatozwa faini na kuchekwa mpaka wajukuu wake wasikie.

Siku yetu, kule nyumbani Gatuanyaga, tulikuwa sita ndani ya leso na jua kali. Binamu zangu walikuwa wamepiga magoti kidogo ili tulingane urefu. Karanja alipita mara mbili. Niliona viatu vyake tu. Mara ya tatu vile viatu vikasimama mbele yangu na nikamsikia akisema, "Huyu." Nilipomuuliza baadaye alijuaje, alisema, "Wale wengine walikuwa wanacheka. Wewe ulikuwa unapumua kama mtu anayeomba."

Hicho ndicho kitu changu. Watu wengine wana gari. Mimi nina mwanamume aliyenijua kwa pumzi.

Alhamisi jioni Karanja alikuwa anaoga. Nilifungua faili kwenye laptop yake nione tu leso zangu zitatumika wapi. Nikakuta slaidi ya mchezo, imepambwa maua, na maandishi makubwa: Bwana harusi, Mwalimu Karanja. Bibi harusi, Madam Shiru. Chini yake imeelezwa kwamba mama watano kati ya wazazi pamoja na Madam watafunikwa leso, watoto watapiga kura ni yupi, kisha Mwalimu atachagua.

Leso zangu.

Ningemuuliza alipotoka bafuni, ingeishia hapo. Sikuuliza. Nilipakua chakula, nikasema nimechoka, nikageukia ukuta. Alinifunika blanketi. Hata hiyo iliniudhi. Kufunika, kufunika, amezoea kufunika.

Ijumaa mimi huingia kazini mchana. Karanja aliondoka mapema, akanibusu paji la uso, akaacha laptop yake nyumbani kama kawaida kwa sababu shuleni wanatumia ile ya shule. Nilijua mchezo ni saa nane. Karibu saa tatu na nusu nikaiwasha. Nilijiambia nitabadilisha jina tu, Karanja ataona akipitia kabla ya saa nane, ataelewa kimya kimya kuwa mkewe ameumia, atampata mama mwingine wa kuwa bibi harusi. Mpango mzuri, wa mtu mstaarabu.

Si kweli. Nilitaka Madam ndiye aone.

Nikaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Nikafuta jina lake herufi moja moja, polepole, na acha niseme wazi kwamba kila herufi ilikuwa tamu. Halafu mahali palepale nikaandika kwa herufi kubwa: MWALIMU KARANJA ANA MKE. MKE WAKE YUPO.

Kishale cha zambarau kikatokea.

Kilikuja moja kwa moja kikasimama mwisho wa maneno yangu. Kisha kikaanza kuandika. YUPO WAPI? Na chini yake, haraka haraka: A. Thika. B. Ruiru. C. Juja. D. Kalimoni. PIGENI KURA.

Nilihisi amenizaba kofi. D. Kalimoni! Kwake! Nilifunga laptop kwa nguvu mpaka kikombe kikaruka mezani.

Saa nne na nusu simu ikalia. Karanja.

"Nyambu, laptop yangu iko wapi?"

"Hapo ulipoiacha."

"Hujaifungua?"

"Niifungue nifanye nini nayo?"

"Sawa, mrembo wangu. Nilikuwa nauliza tu."

Akakata simu. Aliniamini kabla sijamaliza sentensi.

Aliporudi jioni ndipo nilipojua nilichofanya. Shule ilikuwa imeambiwa stima itakatwa saa sita, kwa hiyo wakasogeza kila kitu hadi asubuhi. Saa tatu na nusu, wakati mimi nimekaa mezani na kidole changu, ile slaidi ilikuwa ukutani. Watoto tisini chini. Wazazi nyuma. Mwalimu Mkuu kwenye kiti cha mbele, miguu imekunjwa.

Na kumbukeni jinsi alivyowazoesha wale watoto. Chochote kilicho ukutani kinasomwa.

Walisoma ninavyofuta. "Bibi harusi, Madam Shiru. Bibi harusi, Madam Shi. Bibi harusi, Ma." Sauti tisini, kwa utulivu, kama dua. Halafu wakasoma nilichoandika. Neno kwa neno, mbele ya mkubwa wake, na Madam amesimama pale nyuma na leso mkononi.

Karanja alisema hakujua aweke wapi mikono yake. Mwalimu Mkuu akageuka akauliza hiki ni nini. Hapo ndipo lile swali la pili likatokea ukutani, watoto wakapiga kelele wakaanza kupiga kura, na Madam akasema kutoka nyuma, simu mkononi, kwamba ni yeye aliyeandika yote, ni mchezo wa kuwaamsha kabla ya kuanza. Wazazi wengine wakacheka. Watoto wengi walipiga kura ya Juja, eti kwa sababu mke wa mwalimu lazima awe amesoma.

Juja. Mnaona mambo?

Lakini Mwalimu Mkuu hakucheka. Baadaye aliwaita ofisini akasema madarasa yasiunganishwe tena mpaka atakapoamua. Na Karanja, mpole wangu ambaye hata mende humtoa nje kwa karatasi, alikuwa na hasira sijawahi kuiona. Hasira kwa Madam. "Mzaha gani huo mbele ya wazazi? Anaandika habari za mke wangu ukutani? Nimemwambia, kuanzia Jumatatu kila mtu na darasa lake."

"Na yeye alisema nini?" nikauliza.

"Alisema pole. Hakujitetea hata kidogo."

Nilimwongeza mchuzi.

Nilifurahi. Nataka iandikwe hivyo hivyo. Nilifurahi tangu saa mbili hadi tulipolala, na nililala vizuri.

Jana asubuhi nilikuwa naanika nguo kabla ya kwenda kazini. Jirani yetu wa mlango wa tatu, Mama Wanja, akaja na beseni lake. Binti yake Wanja yuko darasa la Karanja, na Mama Wanja ni mtu ambaye habari ikipotea popote Ruiru inajua pa kwenda kulala.

"Sasa, muhiki!" akaniita. Bado ananiita bibi harusi, kwa Kikuyu, na mimi huwa naitika kwa meno yote. "Pole lakini. Nimesikia kuna ka-Madam kanakusumbua."

"Nani amesema?"

"Ai, kwani hujui? Grupu yote ya wazazi inawaka. Mtu anaulizia mke wa wenyewe yuko wapi, ukutani, mbele ya watoto? Kwa nini anataka kujua? Anataka kuhamia?" Akakung'uta shuka kama anamkung'uta mtu. "Wewe tulia. Jumatatu asubuhi tunaenda kwa ofisi, akina mama nane. Huyo ameandikwa kazi na kamati ya wazazi, si serikali. Tuliomwandika ni sisi, na kumtoa ni sisi."

Wanja alikuwa amekaa kwenye ngazi anamenya njugu. Akasema bila hata kuinua kichwa, "Lakini Mama, Madam hakuandika ile ya kwanza. Simu ilikuwa kwa mfuko. Alitoa wakati Mwalimu alianza kutetemeka mkono."

"Wewe nyamaza, watu wazima wanaongea."

"Ni ukweli. Tukacheka ndiyo Mwalimu akaacha kutetemeka."

Nilishika kamba ya nguo. Lile swali nililodhani ni kofi, kumbe Madam alikuwa anamshika mume wangu asianguke. Alijua ni mimi. Nani mwingine angeandika maneno yale? Alijua, na kwa dakika moja, akiwa amesimama mbele ya watu wote wale, akageuza wivu wangu ukawa swali la darasa, akalibeba yeye. Sasa akina mama nane wanakwenda kumfukuzisha kazi.

Mngedhani hapo wivu uliisha. Uliongezeka. Nilikuwa naona wivu kwa meno yake, sasa naona wivu kwa akili yake. Mimi nisingeweza kufanya vile. Mimi ningesimama pale na mdomo wazi.

Siku nzima dukani nilikata vitambaa vibaya. Mteja aliomba mita tatu nikampa mbili na nusu, akaniuliza kama mapenzi yamenipanda kichwani. Nikacheka, halafu nikaingia stoo nikakaa juu ya mabunda ya vitambaa, na ndipo lile nililowaambia mlishikilie likaja lenyewe. Sikuwa naona wivu kwa Madam kwa sababu anamtaka Karanja. Hakuna siku nimemwona akimtaka. Naona wivu kwa sababu yeye anaingia ndani ya lile darasa. Anaingia na kishale chake, anaweka samaki, anaweka nguzo za kura, na mume wangu anacheka kwa furaha ambayo mimi nasimuliwa tu jioni. Naona wivu hata kwa wale watoto tisini. Wanapata Karanja akiwa bado mbichi, mimi napata amechoka. Mimi nilitoa kitambaa cha mto lakini sikuwahi kukaa chini yake.

Ningelisema hivyo Alhamisi, akiwa na taulo mabegani. Lakini mtu anaanzaje kusema, "Nataka kuwa Gredi ya Tano"?

Leo tulitoka kanisani mkono kwa mkono. Mchungaji aliwaombea waliooana mwaka huu, watu wakageuka kututazama wakitabasamu, na Karanja akanibana vidole. Sikuweza tena. Tulipofika nyumbani, kabla hata hajavua tai, nikamwambia. Yote. Kufuta herufi moja moja, na kwamba ilikuwa tamu. Simu. Mchuzi.

Alikaa kitandani.

"Nilikuuliza," akasema.

"Najua."

"Nilikuuliza, Nyambura, na nikamaliza kukuuliza nikajilaumu kwa nini nimekuuliza."

Jina langu lote. Hajawahi kuniita jina langu lote tangu mchungaji wetu atuulize kama tunakubali kuoana.

Nikaanza kulia. Akanipa kitambaa cha mkono, lakini hakunishika. Akauliza, "Kwa nini hukuniuliza tu juu ya ile slaidi? Wale mama watano wote walikataa kuitwa bibi harusi wangu mbele ya waume zao. Madam akasema basi aandikwe yeye, tumalize."

"Niliogopa utanicheka."

"Ningekucheka," akasema. "Halafu ningekuandika wewe."

Sijui kama hilo lilikuwa msamaha. Nimeligeuza kila upande. Nadhani lilikuwa mlango wa msamaha, na yeye hajaamua kama ataufungua leo au katikati ya wiki.

Kisha akasema jambo ambalo nilikuwa nalijua tangu kwenye kamba ya nguo. Kwamba yeye ameshaambiwa, sasa wamebaki Madam, na Mwalimu Mkuu, na wale akina mama nane. Kwamba anaweza kwenda kunisemea kama nitaona haya. "Lakini ukienda mwenyewe," akasema, "nitakusindikiza mpaka mlangoni."

Nimempigia bosi nikamwomba asubuhi ya kesho. Nimekwenda kwa Mama Wanja nikamwambia aliyeandika ukutani ni mimi. Aliweka mwiko chini. "Wewe? Na uso huo wa malaika?" Kisha akacheka mpaka akashika mlango, akasema grupu itamwua, lakini ataandika. Hajaandika bado. Nimechungulia simu yake kupitia Wanja mara mbili. Kwa hiyo kesho ni lazima nifike kabla ya wale wengine, nimkute Madam Shiru langoni, nimtazame usoni na kumwambia kwamba kazi yake isiguswe kwa ajili ya kidole changu. Halafu niingie kwa Mwalimu Mkuu nirudie maneno hayo hayo, nikiwa nimesimama, kama mwanafunzi. Na kama bado nitakuwa na sauti, niombe madarasa yaunganishwe tena. Pamoja na kile kishale. Kando ya cha mume wangu. Mungu nisaidie.

Bado simpendi. Nisiwadanganye. Ile K ya "Mwalimu K" bado inaniuma. Ninakwenda kumwomba msamaha mwanamke ambaye ningefurahi sana kama angehamia Mombasa akaolewa na nahodha.

Karanja amemaliza pasi. Ameniuliza kutoka chumbani, kwa sauti ya kawaida, karibu ya kawaida, kama nina nguo ya kupigwa pasi ya kesho, maana pasi bado ni ya moto. Nimesema ndiyo, nakuja.

Lakini sijaenda. Nimesimama mbele ya sanduku langu la nguo hapa sebuleni dakika ishirini. Kuna sketi ya kahawia ya kanisani, ndefu, ya mtu aliyetubu. Na kuna rinda la waridi nililovaa siku ya pili ya harusi, lile lililomfanya Karanja asahau alichokuwa anasema. Nimetoa sketi. Nimeirudisha. Nimetoa rinda.

Mtu anayekwenda kuomba msamaha kwa moyo wake wote, anaruhusiwa kwenda akiwa mrembo kuliko anayemwomba?